TAHADHARI: Anayekodisha Noah ya kuzunguka Pemba, "Mkoani mpaka Kigomasha", ni tapeli

Assalamu alaikum ndugu zangu. Naandika mikono inanitetemeka kwa hasira. Naomba msambaze, hasa nyinyi mnaotaka kuvuka kwenda Pemba msimu huu na mnatafuta gari ya kukodi ya kuwazungusha na wazee wenu. Kuna mtu anajitangaza mtandaoni kuwa ana Noah yenye kiyoyozi na dereva mwenyeji: anakupokea gatini Mkoani, anakupitisha mji wa Chake Chake, anakufikisha Konde, msitu wa Ngezi mpaka mnara wa Kigomasha, na jioni anakushusha Wete mlangoni. Msimpe hata shilingi. Ni mwizi.

Jina analotumia siliandiki hapa kwa sababu nishaandikisha polisi na afande aliyenisikiliza kaniomba nisilitaje kwanza, asije akajificha. Anayelihitaji anijie kando nimpe.

Safari ilikuwa ya mavyaa wangu, yaani mama mkwe, ambaye kwao ni Wete. Tangu meli ya Spice Islander ilipozama pale mkondo wa Nungwi Septemba 2011, mama yule hakutia mguu kwenye chombo cha bahari. Kila akialikwa harusi Pemba anatoa udhuru. Mwaka huu akasema mwenyewe, bila kushawishiwa na mtu, "Nipelekeni nikaone kwetu kabla sijafa." Na akasema anataka kuiona Pemba yote kwa barabara, kutoka kusini mpaka kaskazini, asifike Wete kama mzigo uliotumwa. Alitaka apite Ngezi, aone mipapindi, ile miti jamii ya minazi, afike Kigomasha kwenye ule mnara wa taa wa zamani ambao marehemu baba yake alikuwa akivua karibu yake. Mimi ndiye mke wa mwanawe mkubwa. Kazi ya kupanga safari ikanidondokea mimi, na niliipokea kwa moyo mmoja.

Sasa anayeijua Pemba anajua kwa nini nilitafuta gari ya binafsi. Gari za abiria zipo, 603 inakutoa Mkoani mpaka Chake, 606 inakupeleka Wete, 602 inafika Konde. Lakini Konde ndio mwisho wa raha. Kutoka pale kuingia Ngezi na kushuka Makangale mpaka Kigomasha utasubiri gari mpaka uote ukungu, na mama ana magoti. Halafu huu ni msimu wa karafuu. Kila gari inayotembea inabeba wachumaji au magunia, ukitaka ya kukodi siku hiyo hiyo hupati, na ukipata utatajiwa bei ya kuvunjia nyumba. Ndiyo maana nilitafuta mapema.

Nilimpata mtandaoni. Na nataka niseme nilivyomwamini, kwa sababu watu washaanza kuniandikia "ungekodi kwa unayemjua". Mtu huyu alizungumza na mimi kwa sauti, si kwa maandishi tu. Kipemba chake safi. Alinitajia Mtambile, alinitajia njia ya Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, kaniambia kama mama ataweza tutaingia Kidike kuwaona popo wakubwa, wale ambao hawapo popote duniani ila Pemba. Kaniuliza mama ana umri gani. Nilipomwambia habari ya magoti, akasema, "Basi ntaweka kistuli kidogo mlangoni mwa gari, apande kwa raha." Kistuli! Tapeli gani atakaa afikirie magoti ya mama yako? Siku ya Ijumaa nilimpigia kabla ya swala akanijibu kwa upole kuwa yuko njiani msikitini, tuzungumze baadaye. Baadaye akapiga yeye. Kwenye ukurasa wake kulikuwa na watu wanamshukuru, familia zimesimama ufukweni Vumawimbi wanacheka. Bei yake ilikuwa laki mbili na nusu, siku nzima, mafuta juu yake. Haikuwa rahisi ya kutia shaka wala ghali ya kukimbiza. Nikampa nusu kuwa arubuni.

Siku yenyewe bahari ilikuwa tulivu, mama kashika tasbihi tangu gati ya Malindi, Unguja, mpaka tunaiona Pemba. Tukashuka Mkoani. Na gari ilikuwepo! Hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Kama gatini pasingekuwa na mtu, ningejua pale pale na tungepanda 603 tukaenda zetu. Lakini alisimama kijana kashika karatasi ina jina langu, kaandika kwa kalamu ya wino mzito, kampokea mama begi, kasema "Karibu kwenu bibi." Ila haikuwa Noah. Ilikuwa gari ndogo, kuukuu, viti vimechanika, na sisi tulikuwa wanne na mizigo, mimi, mama, wifi yangu na mwanangu. Nikampigia simu mwenye biashara papo hapo. Akapokea kwa mlio wa kwanza. "Dada yangu nisamehe sana, Noah iko gereji Chake inatiwa tairi mpya mbili, sikutaka mama apande mlima wa Konde na tairi kipara. Huyo kijana wangu anakufikisheni Chake, mkifika mnahamia." Mwambieni mtu yeyote maneno hayo akiwa na mama mtu mzima jua kali bandarini, muone kama hatapanda.

Tukapanda. Na wallahi ile njia ya Mkoani mpaka Chake ilikuwa tamu. Mlima unakwenda mlima unarudi, kijani kitupu, kila kiambo karafuu zimeanikwa juu ya majamvi ukingoni mwa barabara, nyingine bado mbichi, nyingine zishageuka rangi. Mama akateremsha kioo. Ile harufu ilipoingia akafunika uso kwa buibui akalia, wifi akamshika mkono. Nilisema moyoni, alhamdulillah, hata pesa zote zingekwisha leo hazikwenda bure.

Hapo hapo, tunakaribia Mtambile, simu ikaita. Yeye. Sauti ile ile laini. Noah ishatoka gereji, iko sheli inasubiri mafuta, lakini pesa zote kazimaliza kwenye tairi, kwa hiyo kama ningeweza kumalizia ile nusu sasa hivi tusichelewe, kwani mlango wa Ngezi kuna ada ya kulipa na akitaka mama akaione Kigomasha kabla jua halijazama lazima tuondoke Chake mapema. Mama kakaa pembeni yangu anatabasamu na machozi hayajakauka. Nikatuma. Nikiwa ndani ya gari yake, na dereva wake mbele yangu. Nani asingetuma?

Tukafika Chake. Kijana akapita sokoni, akasogea pembeni akazima gari. Akashuka. Akafungua buti akaanza kutoa mabegi, moja moja, akayapanga chini vizuri. Nikadhani tunahamia. Nikaangaza huku na huku natafuta Noah. Nikamuuliza, "Iko wapi?" Akasema, "Ipi mama?" Nikasema Noah. Akanitazama kama mtu asiyefahamu lugha. "Mimi nimeambiwa Chake. Chake ndio hapa."

Nikampigia yule mtu. Imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Kijana alipoona hali yangu akatoa simu yake akanionesha ujumbe aliotumiwa jana yake usiku: achukue watu wanne gatini, awashushe Chake sokoni, pesa yake ataikuta kwa simu. Na yeye mwenyewe kalipwa elfu ishirini tu, nayo ni baada ya kusumbuana. Hajawahi kumuona huyo mtu kwa macho. Hakuna gereji, hakuna tairi, hakuna Noah. Kijana wa watu akaapa mpaka kwa Msahafu, na mimi namwamini, alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Jamani, ile dakika sitaisahau. Watu wa sokoni wanatutazama. Wachuuzi washasogea kusikiliza. Mama mtu mzima wa heshima zake, aliyevaa buibui jipya kwa siku hii, kakalishwa juu ya begi mbele ya duka la watu kama muhamiaji. Wifi yangu hakusema neno, na mnaomjua wifi yangu mnajua kimya chake kina maana gani. Mwanangu anauliza "Mama tunakwenda kwenye popo sasa?" Na mama, Mungu ampe umri, ndiye aliyenipoza mimi: "Usijitese mwanangu, Kigomasha haikimbii." Maneno yale yaliniumiza kuliko kama angenitukana.

Tukatafuta gari nyingine ya kukodi, hakuna, karafuu. Mwisho tukapanda 606, mabegi juu, mama kabanwa dirishani na ndoo ya mtu miguuni. Njia ya Kidike tukaipita vivi hivi. Na Wete kule walikuwa wametupikia, jamaa wote wamekusanyika, na kila anayeingia swali la kwanza, "Mnara mmeuona? Ngezi imekuwaje?" Nikawa najibu mimi, mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, mmoja mmoja, mpaka sauti ikakauka.

Tangu hapo nimefuatilia na nimepata wengine. Dada mmoja wa Fuoni kafanyiwa hivyo hivyo, yeye kashushwa Chake na watoto wadogo. Bwana mmoja wa Tanga aliyekuja kwa mazishi alituma pesa yote na gatini hakukuta mtu. Mtu mwenye roho ya kumwibia anayekwenda kuzika! Huyu si wa kuonywa, huyu ni wa kufungwa. Afungwe, na akitoka asitie mguu tena kwenye biashara ya wageni. Watu wa Pemba wanasifika kwa ukarimu, watalii ndiyo kwanza wanaanza kuvuka kutoka Unguja, na mtu mmoja anakaa na simu yake anawachafulia dereva wote wa kisiwa, wale wenye gari kweli, wanaolipa leseni kweli. Hasbiyallahu wa ni'mal wakil. Kamisheni ya Utalii inasajili watembeza wageni, basi na wawasake wasiosajiliwa, wasisubiri mpaka alie Mzungu ndio waamke.

Mnaniuliza dalili. Zipo, na nyingine ni yeye aliyezifunika kwa ulimi wake. Nilipotuma arubuni jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Akasema ni la mkewe. Nambari ya dereva hakunipa mpaka mwisho, kila nikiiomba anasema "utamkuta gatini". Picha ya Noah, nambari yake imefutwafutwa, na mume wangu alipoikuza aliporudi kazini usiku ule akaona usukani uko kushoto. Kushoto! Hiyo gari si ya hapa kwetu, picha kaiokota huko. Na ule mpangilio wa safari alionitumia, Kidike kaiweka mwisho baada ya Kigomasha, wakati Kidike iko njia ya zamani ya Chake kwenda Wete. Shemeji wa Wete alipousoma alisema aliyeandika hivi ama hajui njia ama hakuwa na nia ya kuipita. Basi ombeni nambari ya dereva, mpigieni yeye mwenyewe mumuulize kaambiwa awafikishe wapi na analipwa na nani. Pesa ya pili msitoe mpaka mmekaa ndani ya gari mliyoilipia na imeshapita Chake.

Wale mliofanyiwa na mkanyamaza kwa aibu, nakuombeni mjitokeze. Nendeni kituo chochote cha polisi mkaandikishe, kisha mniletee nambari ya jalada, kwa sababu afande kasema malalamiko yakiwa mengi kesi inakuwa na uzito na kampuni ya simu inaweza kuandikiwa itoe taarifa za laini. Ujumbe wake msifute, hata kama unakutia uchungu kuusoma. Sauti alizotuma pia zihifadhini.

Na wewe mwenyewe, najua utasoma, kwa sababu ukurasa wangu uliufungua jana kabla hujanizuia. Jina la laini yako tunalo, la mkeo tunalo, na kijana uliyemtuma gatini kakubali kuwa shahidi. Laki mbili na nusu irudishe kabla jalada halijapelekwa mbele, na ya yule bwana wa mazishi uanze nayo.