Masaji ya kupumzika na masaji ya tiba: nimejaribu zote mbili kwa bega moja

Mi ni fundi cherehani, nina fremu yangu Sinza, na kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka shule zifunguliwe Januari ni sare tu, kushona asubuhi mpaka usiku. Msimu huu bega la kulia likagoma. Nilidhani ni uchovu, af likapanda shingoni, ikafika mahali nikitaka kuvuka Shekilango inabidi nigeuke mwili mzima ndo nione gari, na kila jioni kichwa kinagonga upande huo huo, nyuma ya jicho. Panadol nimemeza mpaka nikaogopa.

Mteja wangu mmoja akanambia we dada nenda kakandwe. Nikaenda spa moja hivi, elfu hamsini lisaa limoja. Kiukweli pazuri! Taa hafifu, mafuta ya nazi ya uvuguvugu, dada anapitisha viganja taratibu kutoka kiunoni mpaka mabegani, anarudia, anarudia, usingizi ukanichukua hapo hapo na usiku nililala ambavyo sikuwa nimelala wiki nzima. Kesho kutwa nimekaa kwenye cherehani, haijafika hata saa sita mchana, bega lile lile.

Nikarudi. Na hapa ndo nataka tusikilizane vizuri maana wengi tunakosea hapa. Nilimwambia yule dada akandamize kwa nguvu zake zote, nikiamini ikiuma ndo inatibu. Akaweka kiwiko, hajaniuliza chochote, nikatoka na damu imevilia mgongoni na siku tatu nashindwa kuinua mkono kuanika nguo. Nilikasirika sana. Lakini kupumzisha watu ndo kazi yake, na anaijua, mi nimempelekea bega bovu na kumuagiza aongeze nguvu. Masaji ya kupumzika ukiikandamiza haigeuki kuwa ya tiba, inabaki ile ile ila inaumiza.

Mdogo wangu ndo akanielekeza kwa mama mmoja Mikocheni anayefanya ya tiba. Wenzetu Australia hii inasomewa diploma kabisa, kwa hiyo na wewe usione aibu kumuuliza mtu amesomea wapi. Nilimpigia kwanza nikamuuliza kama ni mwanamke ndo atanikanda (najua watu wakisikia masaji Dar wanawaza mengine, pale unafunikwa shuka, anafunua sehemu anayoishughulikia tu).

Karibu robo saa ya mwanzo hajanigusa. Nafanya kazi gani, nalalia upande gani, bega linauma nikiamka au nikishaanza kushona, nina presha, nina mimba, kuna dawa natumia, vidole vinapata ganzi? Akanisimamisha nigeuze shingo, upande mmoja kidevu kinakaribia bega, upande wa pili kinaishia njiani. Af akaweka dole gumba juu ya bega, katikati ya shingo na pale mkono unapoanzia, akabonyeza akatulia. Jamani, maumivu yakapanda shingoni yakaenda kukaa nyuma ya jicho, pale pale panaponigonga kila jioni! Akasema ndo kichwa chako hicho, msuli umejifunga fundo. Akaniambia nihesabu maumivu kwa kumi, yakifika saba nimwambie apunguze, na nilipomwambia alipunguza kweli.

Elfu sabini, dakika arobaini na tano. Hakuna muziki na hulali. Siku ya pili mwili uliniuma kama mtu aliyelima, alishanambia itakuwa hivyo, ya tatu ikaisha. Nilienda mara tatu ndani ya mwezi na shingo sa hizi inageuka pande zote.

Ila kilichonisaidia kuliko vyote ni picha. Aliniambia nipigwe picha nikiwa nashona nimtumie. Akaniambia stuli yako fupi, angalia bega limepanda karibu na sikio, unashona hivyo masaa kumi, nikukande mpaka lini? Nikamwita fundi seremala akaongeza miguu ya stuli inchi tatu, na kila nikimaliza sketi moja nasimama nanyoosha shingo kama alivyonifundisha.

Kwa hiyo kama mwili mzima umechoka, mawazo mengi, usingizi haupo, nenda ile ya kupumzika na usitie wasiwasi, utafurahi. Kama unaweza kuweka kidole ukasema ni hapa, na panarudi kila siku, tafuta wa tiba, na ukifika kwa mtu anayesema ya tiba akakulaza moja kwa moja bila swali hata moja, vaa viatu uondoke. Af kuna vitu vya hospitali, masaji hapana, iwe ya bei gani: umeanguka au umepata ajali, una homa, mkono unakosa nguvu, au mguu mmoja umevimba una joto na unauma, maana hiyo inaweza kuwa damu imeganda na kukanda ni hatari. Pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, kuna fizioterapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), anzia kwa daktari.

Oda za mwisho nimezikabidhi juzi. Jumamosi narudi kwa yule dada wa spa, mafuta ya nazi na usingizi, na safari hii simwambii akandamize.