Trioktilamini kwa asidi ya laktiki: nyota 4, ila pH kwanza

Trioktilamini ni amini ya majimaji, kama mafuta, inayotumika kuvuta asidi ya laktiki kutoka maji ya uchachushaji hadi kwenye tabaka la kiyeyushi linaloelea juu yake. Wanaolalamika kwamba trioktilamini "haivuti" mara nyingi wanaionea. Amini hii hushika asidi ambayo bado ina hidrojeni yake, basi. pKa ya laktiki (pH ambapo nusu ya asidi imepoteza hidrojeni hiyo) ni 3.86; maji ya uchachushaji yakiwa na pH 5.5, asidi ya namna hiyo ni kama asilimia 2 tu. Iliyobaki ni laktati, yaani asidi iliyokwisha kupoteza hidrojeni, na haitapanda hata utikise mpaka usiku. Shusha pH hadi karibu 2 kwa asidi ya salfuriki, kidogo kidogo. Ukizidisha, salfuriki ndiyo itakayoiwahi amini, nayo laktiki ikose nafasi.

Kwa lita 1 ya kiyeyushi chenye moli 0.5, pima gramu 180 za amini yenye usafi wa asilimia 98 (mililita 223 hivi), kisha jazia oktanoli (alkoholi isiyochanganyika vizuri na maji). Mafuta ya taa matupu ni rahisi kwa bei, lakini kiungo cha asidi na amini hakiyeyuki vizuri humo: utaona tabaka la tatu, zito, limening'inia kati ya maji na mafuta. Oktanoli nayo ina lake. Kiasi kidogo huingia majini na kuua bakteria, kwa hiyo maji hayo usiyarudishe moja kwa moja kwenye tangi la uchachushaji.

Chuja seli na protini mapema, la sivyo mpakani patajaa utando mweupe kama mtindi. Faneli ya kutenganishia tabaka igeuzwegeuzwe taratibu. Joto la nyuzi 40 huharakisha kutengana, ila hupunguza asidi inayopanda, kwa sababu mmenyuko wenyewe hutoa joto.

Nyota iliyokatwa ni ya kuitoa asidi tena kwenye kiyeyushi. Hidroksidi ya sodiamu, moli kwa moli, huitoa vizuri, lakini unapata laktati ya sodiamu. Asidi bado huna. Trimethilamini (amini nyingine, nyepesi) ndani ya maji huepusha chumvi hiyo kwa kuwa huvukizwa baadaye, ingawa laktiki huing'ang'ania kiasi, na harufu yake ya samaki aliyeoza inadai mtambo uliofungwa.

Ukitumia hidroksidi, suuza kiyeyushi kwa maji safi mara mbili kabla ya mzunguko mwingine. Alkali iliyobakia humo itapandisha pH uliyohangaika kuishusha.