TAHADHARI: Fundi wa oveni mwenye fulana ya bluu, msimfungulie mlango

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira, mnisamehe nikirukaruka. Kuna fundi wa oveni anazunguka hapa Dar, Tabata, Segerea, Kinyerezi mpaka Ukonga. Fulana ya bluu imedariziwa kifuani, begi jeusi la mgongoni, pikipiki nyekundu. Kama ameshagusa jiko lako, nenda kalichomoe kwenye plagi SASA HIVI, ukirudi ndiyo uendelee kusoma.

Jina na namba yake siviweki hapa. Jalada limefunguliwa polisi, RB (namba ya taarifa yangu) ninayo, na kituoni wameniambia nisimtaje hadharani asije akazima simu akatokomea. Ila ukidhani umekutana naye niulize pembeni, nitakuthibitishia.

Oveni yangu ya umeme, ninayookea keki za oda, inasumbua tangu keki moja ya ubatizo. Juu inaiva vizuri, rangi safi, ukigeuza chini ni uji. Nilihangaika nayo wiki tatu, nashusha trei, napandisha trei, nazidisha muda, nimetupa mayai mpaka nikaona aibu mbele ya mume wangu. Na ile oda ya sendofu ilikuwa inakuja, keki ya ngazi tatu, ya shilingi 280,000, advansi 140,000 nimeshapokea na nimeshanunulia vitu. Kwa hiyo niliposikia kuna fundi anayekuja mpaka nyumbani, niliona Mungu amenisikia.

Alikuja Jumanne saa nne asubuhi. Nataka mjue vizuri alivyoingia, kwa sababu najua kuna watakaosema "wewe nawe ulimwaminije mtu humjui". Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimkuta mama mkwe wangu sebuleni, akainama, "Shikamoo mama," mama akaitikia "Marahaba baba, karibu." Nikamletea soda akakataa, akasema, "Ahsante dada, nikiwa kazini sinywi kitu cha mteja." Ana kitabu cha risiti. Ana picha za kazi alizofanya, majiko mazuri ya watu wenye uwezo. Ametoka kwenye mdomo wa dada ninayeoka naye miaka minne, ambaye naye hajawahi kutengenezewa na huyu mtu, alipewa namba na mtu mwingine, lakini hilo nimelijua jana. Mtu kama huyo ungemfukuza?

Akavuta jiko kutoka ukutani, akachomoa plagi, akafungua bati la nyuma kwa bisibisi. Akaniambia, "Dada, njoo na simu yako unimulikie, sipendi kufanya kazi mteja haoni." Nikapiga magoti pale chini, mimi mwenyewe, namulika. Akatoa ile mita ya kupimia umeme, ya njano, yenye waya mwekundu na mweusi. Akagusisha ncha moja huku, nyingine kule, kioo kikaandika 0.00. Akahamisha. 0.00. Akahamisha tena pale kwenye themostati, 0.00. Akanigeukia taratibu, kwa huruma kabisa, kama daktari anayempa mtu majibu mabaya.

"Umeona mwenyewe. Umeme haupiti popote. Themostati imekufa na imeondoka na koili. Ungekaa nayo wiki moja zaidi ingewalipukia."

Na mimi nikaona. Namba niliziona kwa macho yangu. Nikapiga na picha ameinama pale na mita yake, nikaweka stetasi, "Fundi wangu kazini, oveni inarudi." Wengi wenu mliiona na mkaniomba namba. Watatu niliwapa. Nimeshawapigia simu wote watatu, mmoja alikuwa amempangia aje Alhamisi.

Akatoa themostati. Kwa wasioijua, ni kile kidude kilicho nyuma ya kitufe cha kuzungushia nyuzi, kina mrija mwembamba kama uzi unaoingia ndani ya oveni, na mwishoni una kijiti cha chuma kilichobanwa kwenye klipu ukutani. Ndani ya kijiti mna kimiminika, kikipata joto kinatanuka, kinasukuma, umeme wa koili, kile chuma kinachotoa joto, unakatwa, kikipoa unarudi. Ndicho kinachofanya nyuzi 160 zibaki 160. Aliuvuta ule mrija polepole, akaukunja, akautia kwenye begi. "Hii naenda nayo Kariakoo nikafananishe, maana zinatofautiana." Nikasema sawa. Ilikuwa nzima, jamani. Themostati yangu ilikuwa NZIMA, na mimi mwenyewe nilimruhusu aondoke nayo.

Advansi akataka 150,000. Nikatuma kwenye simu, jina likatokea la mwanamke. Akasema laini ni ya mke wake. Nikatuma.

Alhamisi jioni akarudi, akafunga, akawasha. Koili ya chini ikawa nyekundu ndani ya dakika chache. Mama mkwe akapiga makofi. Nikammalizia 90,000 yake, akaniandikia risiti kwa kalamu, "garantii miezi 6", akavaa viatu akaondoka. Hakukaa hata dakika kumi.

Ijumaa usiku nikaingiza mzigo wa kwanza. Nyuzi 160 kama siku zote. Dakika ya ishirini nikasikia harufu. Nikafungua, juu ni mkaa, nikachoma kijiti katikati kikatoka na uji. Nikadhani nimekosea mimi. Nikateremsha mpaka 120, nikaingiza ya pili, ikaungua vilevile. Nikateremsha mpaka mwisho kabisa na koili bado nyekundu, haizimi, na nyuma ya jiko kunatoka harufu ya plastiki. Saa tano usiku. Mayai trei mbili yamekwisha. Kipimajoto changu cha kutundika kiko kwa mdogo wangu Mbagala tangu Krismasi.

Binti yangu alikuwa ananisaidia vyombo. Ana miaka tisa. Mikono yake mibichi, miguu peku kwenye vigae, akashika mpini wa mlango wa oveni ili anifungulie. Sitasahau ule ukelele. Umeme wa nyumba nzima ukakatika hapohapo, giza. Ile breka ya kwenye ubao wa umeme, ambayo mume wangu aliisisitiza tulipokuwa tunafunga nyaya na mimi nikamwambia ni gharama ya bure, ndiyo iliyoniachia mtoto wangu. Mkono ulikufa ganzi mpaka asubuhi. Daktari amesema yuko salama. Mimi sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Keki ya watu niliikimbizia kwa jirani saa saba usiku, nikapata ngazi moja, si tatu. Nimerudisha 140,000 yote, na bibi harusi alikuwa analia kwenye simu, na hana kosa lolote.

Jumatatu shemeji akaniletea mzee mmoja wa Buguruni, fundi wa zamani. Shikamoo, marahaba, akakaa chini, akafungua bati. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniambia, "Mwanangu, njoo uone, lakini usiguse."

Kitufe changu cha nyuzi kimefungwa kwenye themostati mfu ya jiko jingine, haina hata waya mmoja uliounganishwa. Imewekwa pale ili kitufe kipate pa kuzungukia. Umeme umepelekwa moja kwa moja kwenye koili, waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi ya kawaida. Mzee anasema tepu ile inahimili nyuzi 80 hivi, na nyuma ya oveni huwekwa viunganishi vya kauri na waya zenye ganda la kuvumilia joto. Yangu ilikuwa imeyeyuka na kudondoka kama lami. Koili yenyewe aliyoifunga ni kuukuu, imesuguliwa kwa msasa ing'ae, na inavuja umeme kwenye bodi ya jiko. Inavyoonekana ilikuwa inaangusha breka alipoijaribu huko kwake au hapa kwangu nikiwa sebuleni. Kwa hiyo alifanya nini? ALIKATA WAYA WA ETHI. Ule wa kijani na njano, unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Umekatwa kwa koleo, safi, ncha imekunjwa nyuma ili isionekane. Bila ethi umeme unaovuja hauna pa kwenda, unakaa kwenye bati unasubiri mtu aguse. Akagusa mwanangu.

Hii si kazi mbovu, jamani. Kazi mbovu ni mtu hajui. Huyu anajua. Mtu asiyejua hajui kwamba ukikata ethi breka haitaanguka.

Halafu ile picha yangu ya stetasi. Nilimwonyesha mzee. Akaikuza kwa vidole viwili, akaniuliza, "Hiki kishale kinaelekea wapi?" Kwenye ile mita kuna gurudumu la kuchagua unapima nini. Lilikuwa kwenye V. Volti. Jiko limechomolewa, anapima volti, ulitaka kioo kiandike nini zaidi ya sifuri? Angepima sufuria ingeandika 0.00. Angenipima mimi ingeandika 0.00. Koili hupimwa jiko likiwa limechomolewa na waya wa koili umetolewa, gurudumu likiwa kwenye alama ya omu, ile inayofanana na kiatu cha farasi. Koili nzima ya wati 2000 kwa umeme wetu wa volti 230 husoma karibu 26. Ikikatika haisomi kitu, kioo kinabaki na 1 pembeni au OL. Na mguu mmoja wa koili ukiupima na bati la jiko isisome chochote, ikisoma, inavuja.

Ugonjwa wenyewe wa oveni yangu ulikuwa koili ya chini tu. Mzee ameniuliza kama naikumbuka ile yangu ya kwanza, nikamwambia ilikuwa na kama kipele kimoja kimepasuka na kuungua. Akasema hapo ndipo ilipokatikia, hata mita ilikuwa haihitajiki. Ameninunulia mpya kwa 35,000. Kazi ya nusu saa. Themostati sasa ndiyo nimelazimika kununua kwa 45,000 badala ya ile yangu nzima ambayo huyu mwizi bila shaka ameshamuuzia mtu mwingine kama "mpya".

Nataka afungwe. Sitaki arudishe hela akasamehewa, nimeshapigiwa na mtu anajiita kaka yake, eti "tuyamalize kifamilia, 100,000 utapata leo". Familia gani? Kuna kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa udanganyifu, kipo kwa ajili ya watu kama hawa, na huo waya wa ethi nao aujibie kando mbele ya hakimu. Akasimame aeleze alikuwa anawaza nini alipokuwa anaukunja. Mama mkwe wangu aliyemwitikia "Marahaba baba" hali vizuri tangu Ijumaa. Na ameenda kwa wengi! Shemeji wa Kigamboni ana oveni ya gesi, ukiachia kitufe moto unazimika, huyuhuyu alimwambia vali imekufa, 200,000. Mzee amekwenda juzi, ni kile kijiti cha shaba kinachokaa kwenye moto, themokapo, kilikuwa kimejaa masizi. Kikishindwa kupata joto, vali inajifunga. Kakisugua taratibu kwa msasa laini, kakirudisha pale moto unapokigusa, akapima maungio kwa povu la sabuni, kwisha. Alipewa 15,000 na nauli.

Mnaniuliza dalili za fundi tapeli. Sijui niseme nini, kila kitu sasa hivi nakiona ni dalili. Jina la laini si lake. Risiti ya mkono, haina TIN (namba ya mlipakodi), si ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Kifaa kilichotolewa kwenye jiko lako usiruhusu kiondoke peke yake, kipige picha na namba zake, na cha zamani ubaki nacho. Fundi akimaliza mwambie oveni iwake dakika arobaini na akae hapohapo, muone kama inajizima na kuwaka yenyewe. Wangu aliondoka kabla ya kumi. Na kama keki haiivi upande mmoja, kabla hujamwita mtu yeyote tazama koili kwa tochi jiko likiwa limechomolewa, tazama kama kijiti cha themostati kimechomoka kwenye klipu, na bana karatasi kwenye mlango uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka. Kufungua bati la nyuma, hapana, hiyo muachie mtu anayejua.

Wale watatu niliowapa namba yake, nawaomba radhi kwa moyo wangu wote.

Kesho saa tatu asubuhi naenda kituoni na ile picha nimeichapisha, kubwa, kishale kwenye V kinaonekana, pamoja na kipande cha waya wa ethi ambacho mzee amekitoa na kukifunga kwenye mfuko. Askari amesema tukiwa wengi inakuwa rahisi. Kama alikuja kwako, hata kama ni mwaka jana, hata kama hela ilikuwa ndogo na umeona haya kusema, nitumie ujumbe usiku huu. Nitakuwa macho.