Begi la turubai la fundi wa soko kuu Mtwara, baada ya miezi minane begani

Nimelibeba tangu Oktoba, minada ya korosho ilipofunguliwa, kwa hiyo leo naweza kulisema. Bei shilingi 45,000. Turubai la kijani, zito, kama lile la kufunikia malori, bitana ya khanga kuukuu niliyompelekea mwenyewe, mkanda mmoja mrefu. Fundi yuko nyuma ya soko, anashona zaidi viti vya bodaboda, mabegi ni kazi ya pembeni.

Vipimo nilimpa mimi: inchi 16 upana, inchi 7 kwenda juu. Akacheka. "Dada, hili la mtoto wa chekechea?"

Vipimo hivyo ni vya Nellie Bly, ripota wa Marekani aliyezaliwa 1864 Pennsylvania kwa jina la Elizabeth Cochran. Aliingia kazini kwa hasira: mwaka 1885 gazeti moja la Pittsburgh lilidharau wanawake wanaotaka kazi za nje ya nyumba, akaliandikia barua, mhariri akamtafuta. Walipotaka kumbakiza kwenye kurasa za mavazi na bustani, akaenda zake Mexico kuripoti.

Sasa la begi. Alipopendekeza kwa gazeti la New York World aizunguke dunia kwa muda mfupi kuliko zile siku 80 za riwaya ya Jules Verne, mkubwa wake alimwambia hiyo ni kazi ya mwanamume. Mwanamke atahitaji msindikizaji, tena mizigo yake itamchelewesha kila anapobadilisha meli. Akajibu: mtumeni huyo mwanamume, nami siku hiyo hiyo nitaondoka kwa niaba ya gazeti lingine, nimshinde.

Hapo ndipo aliponishika mkono. Mimi niliwahi kuomba kwenda Newala kuripoti mnada, mkubwa mmoja wa chumba cha habari (simtaji) akasema mbele ya watu, "Mama, wewe ukisafiri unahama." Akatumwa kijana, aliyesahau chaja.

Bly aliondoka tarehe 14 Novemba 1889, akiwa na miaka 25, na gauni moja mwilini. Begini alitia kofia, ndara, wino, kalamu, karatasi, sindano na uzi, nguo za ndani, leso, na kopo la krimu ya uso. Kopo hilo lilimtesa safari nzima: anasimulia kwamba kila alipotaka kufunga begi, lilikuwa limejiweka palepale pa kuzuia. Alirudi tarehe 25 Januari 1890, baada ya siku 72, saa 6 na dakika 11. Singapore alinunua tumbili, na huyo bila shaka hakuingia begini.

Langu linabeba madaftari mawili, kinasa sauti, pawabenki, khanga, gauni moja, mswaki na kopo la mafuta ya mgando. Namwelewa Bly kabisa kuhusu kopo. Kwa safari ya kulala siku moja Newala linatosha. Kwenye basi linakaa mapajani, hakuna kubishana na konda wala kusubiri buti lifunguliwe. Mvua za Machi hazikulipenya, isipokuwa tone mbili tatu kwenye mshono wa kona.

Ubaya ni zipu. Meno ya plastiki! Mwezi wa tano, mikorosho ikipulizwa salfa, ile dawa ya unga, vumbi lilijaa, zipu ikagoma katikati huku mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, amesimama ananisubiri na kinasa sauti kimo ndani. Nilivuta hadi kucha ikavunjika. Mkewe ndiye aliyetoka jikoni na kipande cha mshumaa, akasugua meno yote kwenda na kurudi bila kusema neno, zipu ikateleza. Tangu siku hiyo kipande hicho kinakaa mfuko wa ndani.

Mkanda nao ni mwembamba, unakata bega. Na inchi 7 hazipokei chupa ya chai ikiwa wima.

Bly mwenyewe kuna kazi aliyoifanya bila begi, nami naiona kubwa kuliko ile ya meli. Mwaka 1887 alijifanya mgonjwa wa akili ili afungiwe hospitali ya Blackwell's Island, New York. Alikaa siku 10, kwenye maji ya baridi na chakula kisicholika. Daftari na penseli yake hakurudishiwa, akatoka na habari yote kichwani. Baadaye aliolewa, akarithi kiwanda, kikafilisika, akarudi kuripoti Vita vya Kwanza vya Dunia kutoka upande wa Austria. Alifariki Januari 1922.

Nimelirudisha kwa fundi. Zipu ya chuma ameiweka bure, mkanda mpana ametaka 5,000 nikampa 4,000. Ukienda, mwambie inchi 9 kwenda juu, na uende asubuhi, maana mchana foleni ya bodaboda inakuwa ndefu.