Siku 84 za Mazoezi Ndani ya Kalenda: Nimeijaribu Njia ya Lahajedwali Hapa Lamu

Asalaam aleikum watazamaji wangu, na karibuni tena. Leo nimeketi barazani hapa Mkomani, kompyuta ikiwa mapajani, na mkisikia punda akilia katikati ya maneno yangu naomba mnivumilie, kwa sababu video ya wiki iliyopita nililazimika kuirekodi mara tatu kwa ajili ya punda huyo huyo, na leo nimeapa kwamba sitakatiza.

Tangu nilipotangaza kwamba najiandaa kwa mbio za kilomita 21 zitakazofanyika Jumapili, tarehe 6 Desemba 2026, wengi wenu mmeniuliza ninatumia programu gani kufuata mpango wangu wa mazoezi. Jibu langu limewashangaza baadhi yenu: ninatumia Google Calendar, ile ile iliyomo katika simu nyingi, nikiijaza kwa faili moja linalotoka kwenye lahajedwali, yaani spreadsheet, na langu ni la Google. Kalenda yenyewe sitaieleza, kwa kuwa mnaijua. Nitakachochambua ni safari ya mpango huo kutoka kwenye karatasi hadi kwenye simu, kwa maana humo ndimo mlimo na raha, na humo humo ndimo nilimoudhika.

Mpango niliopewa ni wa wiki 12, yaani siku 84, na umeandikwa kwa maneno kama «wiki ya tatu, siku ya pili, kilomita 6 taratibu». Hauna tarehe hata moja. Mtu wa kawaida atachukua kalenda ya ukutani, atahesabu kwa kidole, kisha ataanza kuandika tarehe 84 moja baada ya nyingine. Nawasihi msifanye hivyo, na sasa nitawaonyesha sababu, kwa hiyo tazameni kioo changu kwa makini.

Hapa nimefungua lahajedwali jipya ambalo mipangilio yake bado ni ya Marekani, kama yanavyokuja mengi. Naandika tarehe ya kwanza ya mazoezi kama tunavyoandika sisi, siku kwanza: 14/09/2026. Angalieni ilivyokaa upande wa kushoto wa seli. Sasa naandika 5/10/2026, nikikusudia tarehe 5 Oktoba, nayo imekwenda kukaa upande wa kulia. Kushoto na kulia hapa si pambo. Kilichokaa kushoto kimesomwa kama maneno matupu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 14, na kilichokaa kulia kimekubaliwa kuwa tarehe, lakini tarehe yenyewe ni 10 Mei, kwa sababu Wamarekani hutanguliza mwezi. Nimeupitia mpango wangu wote kwa jicho hilo. Katika siku 84, siku 54 zina tarehe iliyozidi 12, kwa hiyo zinabaki maneno yasiyoweza kuhesabika. Siku 30 zinakubaliwa, na kati ya hizo ni mbili tu zilizo sahihi, 10/10 na 11/11, ambazo hata ukizigeuza hazibadiliki. Zile 28 nyingine zimetawanyika tangu Januari hadi Desemba bila onyo lolote, na siku yenyewe ya mbio, 6/12, imekuwa tarehe 12 Juni. Hizi 54 zinazokataa mimi sizilaumu, kwa kuwa mwenye kukataa waziwazi unamjua. Ninaloliogopa ni zile 28 zinazokubali kwa upole.

Tiba ni nyepesi. Fungueni menyu ya faili, ingieni kwenye mipangilio ya lahajedwali, kisha chagueni Uingereza, ambako siku hutangulia mwezi kama kwetu. Hata hivyo, tiba iliyo bora kuliko hiyo ni kutoandika tarehe kabisa, na hapa ndipo nilipolipenda lahajedwali hili kwa dhati.

Nimetengeneza kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza nimeuita Mpango, nao umeandikwa kwa Kiswahili, nisome mimi na mwenzangu ninayekimbia naye. Katika seli H1 nimeweka tarehe ya mbio peke yake. Katika A2 nimeandika =$H$1-83, na mara moja imetokea Jumatatu, tarehe 14 Septemba. Katika A3 nimeandika =A2+1, kisha nimeishika ile kona ya seli na kuivuta mpaka mstari wa 85. Haya, tazameni mstari wa 85 unasemaje: 6 Desemba. Nilihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mbio, na hesabu imenirudisha pale pale. Sasa tuseme waandalizi wameahirisha mbio kwa wiki moja. Nabadilisha H1 iwe 13 Desemba, na safu nzima imesogea mbele ya macho yenu, siku ya kwanza ikawa 21 Septemba. Seli moja nimeigusa, na siku 84 zimetii! Nimelirudia jambo hili mara nyingi bila haja yoyote, kwa sababu tu linanifurahisha kulitazama.

Ukurasa wa pili nimeuita Kutuma, na huu hauna hiari ya lugha. Vichwa vya safu ni lazima viwe vya Kiingereza, kama kalenda inavyovitaka: Subject, Start Date, Start Time, End Date, End Time, Description na Location. Vya lazima ni viwili vya mwanzo tu. Chini ya Start Date nimeweka =TEXT(Mpango!A2,"mm/dd/yyyy"), yaani tarehe inasomwa kwetu kwa desturi yetu na inatumwa kwa desturi ya Kimarekani, mwezi mbele. Kurasa zimetenganishwa kwa sababu faili la CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo seli zake hutenganishwa kwa alama ya mkato, ndilo linaloingizwa kwenye kalenda, nalo hubeba ukurasa mmoja tu, ule uliofunguliwa, na sitaki seli yangu ya H1 isafiri na mzigo.

Sasa nije kwenye saa, na hapa nitaungama. Mara ya kwanza nilipojaribu njia hii, niliandika saa ya kukimbia 11:30, kwa kuwa mimi hukimbia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hivyo ndivyo tunavyosema nyumbani. Kalenda haijui Kiswahili cha saa. Ilinipangia kukimbia saa tano na nusu mchana, jua la utosini, siku 84 mfululizo. Kosa lilikuwa langu, na lilizidishwa na kosa la pili, kwamba nilikuwa nimeingiza faili katika kalenda yangu kuu, penye miadi ya mama ya kliniki na shughuli za harusi ya binamu yangu. Hakuna kitufe cha kuyatoa yote kwa pamoja. Nilikaa hapa hapa barazani kuanzia baada ya sala ya laasiri hadi karibu na magharibi, nikifuta moja moja.

Siku hizi safu ya saa katika ukurasa wa Mpango naiandika kwa Kiswahili, na fomula hutafsiri: kwa saa za alfajiri inatoa saa 6, hivyo 11:30 inakuwa 5:30, na kwa saa za jioni inaongeza saa 6, hivyo saa kumi na moja inakuwa 17:00. Kabla ya kuingiza chochote, naunda kalenda mpya upande wa kushoto wa ukurasa na kuiita Mazoezi, kisha wakati wa kuingiza faili nachagua hiyo. Mambo yakiharibika, naifuta Mazoezi yote kwa mkupuo mmoja na miadi ya mama haiguswi. Arifa nazo huwekwa kwenye mipangilio ya kalenda hiyo, kwa kuwa faili lenyewe halina safu ya arifa.

Kazi ya kuingiza faili hufanyika kwenye kompyuta tu, kupitia mipangilio, sehemu ya kuingiza na kutoa, wala programu ya simu haina njia hiyo. Najua wengi wenu mna simu pekee. Nendeni saiba kwa nusu saa, lahajedwali likiwa limekwisha kutayarishwa, na msisahau kutoka kwenye akaunti zenu kabla hamjainuka. Gharama yenu itakuwa hiyo ya saiba tu, kwa kuwa lahajedwali la Google na kalenda yake havilipiwi, na anayetaka kufanya kazi bila intaneti anaweza kutumia LibreOffice Calc, ambayo nayo ni ya bure. Mwenye kalenda ya Apple atasumbuka zaidi, maana ile haipokei CSV, hupokea mafaili ya ics, ambayo ni aina nyingine ya mafaili ya kalenda. Nikizitazama programu za mazoezi zinazotoza ada ya kila mwezi, sioni kilichonipita, ingawa nakiri kwamba zile hurekodi mwendo na kalenda yangu hairekodi kitu.

Kuna jambo moja ambalo hakuna programu niliyoijaribu iliyolifikiria, nalo ni maji ya bahari. Jumapili ndiyo siku yangu ya mbio ndefu, na ningependa kuzikimbia katika ufukwe wa Shela, ambao una urefu wa takriban kilomita 12, lakini mchanga mgumu wa kukimbilia hupatikana maji yanapokupwa. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa siku 7 hizo ni dakika 350, karibu saa 6, kwa hiyo Jumapili hii yakiwa yamekupwa alfajiri, Jumapili ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yamejaa, na ile ya tatu yatakuwa yamekupwa tena. Katika mistari ya Jumapili nimeweka fomula kwenye safu ya Location inayotazama namba ya wiki: ikiwa witiri inaandika Shela, ikiwa shufwa inaandika njia ya Matondoni, ile iendayo kijiji cha Matondoni. Nilijiona hodari sana, mpaka mvuvi mmoja wa hapa alipoitazama kazi yangu akacheka. Alinikumbusha kwamba kila baada ya wiki mbili maji hutangulia kidogo, na nilipopiga hesabu nikakuta ni karibu dakika 40, kiasi kwamba ifikapo Novemba mfuatano wangu utakuwa umevurugika kabisa.

Hapo ndipo mapenzi yangu kwa njia hii yalipopungua, na sitawaficha. Lahajedwali likishatuma faili, kazi yake imekwisha. Ukilirekebisha baadaye kalenda haipati habari, na ukiingiza faili jipya juu ya la zamani kila zoezi litaonekana mara mbili. Kwa hiyo ule uzuri wote wa H1 niliousifu unaishia mlangoni mwa kalenda. Mwanzoni nilitaka kuipa njia hii alama tisa kwa kumi, lakini kwa sababu hiyo nimeipa saba. Nimeamua kuingiza wiki nne nne badala ya zote 12, nikimuuliza mvuvi wangu kuhusu maji kabla ya kila fungu, na kwa fungu la Oktoba na Novemba nitazingatia pia mvua za vuli.

Haya, tulimalize mbele yenu. Nachukua wiki nne za kwanza, siku 28, napakua faili la CSV, naingia kwenye mipangilio, nachagua faili, nachagua kalenda ya Mazoezi, nabonyeza. Yameingia 28. Nafungua simu, nasogea hadi Septemba, na Jumatatu ya tarehe 14 inasema 5:30 AM, yaani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kilomita 4 taratibu, njia ya Matondoni. Faili tupu nimeliweka chini ya video, lenye kurasa zote mbili, na kitu pekee mtakachohitaji kukiandika wenyewe, mbali na mazoezi yenu, ni tarehe ya mbio katika H1. Safu ya Location nimeifuta, kwa sababu maji ya kwenu siyajui.