Yamaha Enduro 40, ziwa linapochafuka

Kwa boti za mbao zinazovuka Ziwa Victoria, kule Uganda, iwe Kasenyi kwenda visiwa vya Ssese au Kiyindi kwenda Buvuma, hii mashine ya kufunga nyuma ya boti ndiyo ya kuaminika. Silinda 2, cc 703, kabureta, kamba ya kuwashia. Haina kompyuta, na hapo ndipo thamani yake ilipo: ikizima katikati ya mawimbi, nahodha mwenye spana ya plagi na plagi mbili kavu anaweza kuiwasha tena.

Pima kwanza kimo cha ubao wa nyuma wa boti, mashine inapofungwa. Shafti, yaani mguu wa mashine unaoshuka majini, ikiwa fupi ni ya ubao wa inchi 15, ndefu ya inchi 20. Ukifunga fupi kwenye ubao mrefu, propela inakaa juu mno. Siku ya shwari hutaona tatizo. Dhoruba ikija, wimbi linanyanyua tezi (nyuma ya boti), propela inashika hewa, mashine inapiga kelele bila kusukuma, na boti inageuka ubavu. Hapo ndipo maji yanapoingia. Hata kwa shafti sahihi, punguza mwendo wa mashine kila tezi inaponyanyuka, na lipokee wimbi kwa omo (mbele ya boti), mshazari kidogo.

Mchanganyiko wa petroli na oili ni 50 kwa 1: tenki la lita 24 linataka oili mililita 480. Mashine mpya, kwa saa 10 za kwanza, ipe oili maradufu. Baada ya hapo usizidishe. Ukienda polepole muda mrefu kwenye mawimbi, oili ya ziada inalowesha plagi.

Mara nyingi kinachoizima dhorubani ni petroli chafu. Maji na takataka zilizolala chini ya tenki hutibuliwa na mawimbi, zikaingia kwenye kabureta. Chuja petroli unapoijaza, tangu kwenye dumu. Legeza pia skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tenki. Ikisahaulika, mashine inakwenda vizuri kwa muda, kisha inafifia. Ukiuona mpira wa kuminya, ulio kwenye bomba la petroli, umebonyea, umeshajua sababu.

Chunguza maji ya kupoozea yanayotoka nyuma ya mashine. Yakikatika, zima haraka: huenda magugu maji yameziba matundu ya kupoozea.

Ubaya wake ni ulafi wa petroli. Gawa mafuta mafungu matatu: kwenda, kurudi, na akiba, kwa sababu upepo wa mbele unakula fungu zima. Na kamba ya kuzimia, inayozima mashine ikichomoka, ifungwe mkononi mwa nahodha kabla ya kung'oa nanga. Akirushwa majini nayo imening'inia kwenye mashine, boti inaondoka bila yeye.