Kuchora Makumbusho au Kuchora Stendi?

Mchoraji wa Nairobi anayetaka kuuzoesha mkono ana shule mbili: Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, na stendi yoyote ya matatu.

Makumbusho yana faida moja kubwa: kitu hakiondoki. Ndege waliokaushwa wamepangwa ndani ya vioo, nawe unaweza kukaa na mdomo wa korongo mmoja mpaka uelewe unavyoungana na fuvu. Nje kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta na kufa mwaka wa 1974. Izunguke. Zile pembe ndefu hubadilisha uzito wa mchoro kila ukisogea hatua mbili. Picha alizochora Joy Adamson za watu wa jamii za Kenya zinafunza shanga na mavazi, ingawa mimi naona wengi wamekaa kikakamavu, kama wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Stendi ni kinyume chake. Makanga anayening'inia mlangoni hakupi hata dakika. Unadaka mgongo na mkono, mengine unayamalizia kwa kumbukumbu. Raba haina kazi hapo, kalamu ya wino inatosha. Watu watachungulia, na mmoja atataka umchore bure.

Kwa mazoezi ya kila siku nachagua stendi: iko njiani na haina kiingilio. Makumbusho ni ya siku umekwama. Ukiona goti la mnyama wako halikunjiki, nenda kaangalie mifupa.